Nimebadilisha maneno na nimetaja chanzo. Mbona bado naambiwa nimeiba?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimeanza karibuni kuandika makala fupi za teknolojia mtandaoni na kutengeneza video za dakika mbili tatu. Nikipata mada nafungua makala nne au tano, nyingi za Kiingereza, natafsiri sehemu nzuri, nabadilisha maneno, naunganisha, na mwishoni naandika "Chanzo: mtandao". Wiki iliyopita mwandishi mmoja alinitumia ujumbe akidai makala yangu ya betri za simu ni yake, nimeigeuza lugha tu. Sikukusudia kuiba. Naomba msaada wako: nibadilishe maneno mangapi ndipo niwe salama? Picha za Google je? Na nikiipa akili mnemba iniandikie upya, si inakuwa kazi mpya?

JIBU: Marahaba, na karibu.

Nianze na idadi ya maneno, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Idadi hiyo haipo. Utaambiwa maneno thelathini ni ruhusa, mwingine atakutajia asilimia kumi, na watu wa muziki wana yao ya sekunde kadhaa. Usizitegemee. Mwaka 1979 jarida la The Nation la Marekani lilipata mswada wa kumbukumbu za rais mstaafu Gerald Ford kabla kitabu hakijatoka, likachapa makala ya maneno kama 2,250. Katika hayo, yapatayo 300 yalikuwa ya Ford neno kwa neno, yametolewa kwenye mswada wa maneno 200,000 hivi. Piga hesabu: haifiki hata robo ya asilimia moja. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1985 jarida likashindwa. Majaji waliangalia zaidi ni maneno gani yaliyochukuliwa. Yalikuwa yale yanayoeleza jinsi Ford alivyomsamehe Richard Nixon, rais aliyemtangulia, yaani kile hasa ambacho watu wangenunulia kitabu, na jarida la Time lilikuwa limeshakubali kulipia haki ya kuyachapa kwanza. The Nation lilipotangulia, Time likajitoa.

Ulichofanya wewe kina makosa mawili ndani yake, na ni vizuri uyatenganishe kwa sababu dawa zake ni tofauti. La kwanza ni kumficha mwenye kazi: msomaji anaamini kwamba mawazo, mpangilio na uchunguzi ule ni wako. Huo ndio wizi wa maandishi, nao ni suala la uaminifu. La pili ni kutumia mali ya mtu bila ruhusa yake. Hiyo ni hakimiliki, nayo ni suala la sheria. Moja laweza kuwepo bila lingine. Ukichukua shairi la mtu aliyefariki miaka mia mbili iliyopita ukaweka jina lako, katika nchi nyingi hakuna atakayekushtaki, lakini umeiba. Ukichapa makala nzima ya mwandishi aliye hai, juu ukaandika jina lake kwa herufi kubwa, hujamficha mtu, ila umevunja haki yake. Ndiyo maana kutaja chanzo peke yake kunaweza kusitoshe, na kupewa ruhusa peke yake vilevile.

Na hapo nisikufiche: "Chanzo: mtandao" si kutaja chanzo. Ni sawa na kuulizwa habari hii umeambiwa na nani, ukajibu "watu".

Unasema hukukusudia. Naamini. Lakini nia njema haifuti kitu. Mwaka 1976 jaji wa Marekani aliamua kwamba George Harrison, aliyekuwa mmoja wa bendi ya Beatles, alinakili wimbo wa watu wengine bila mwenyewe kujua. Sauti ilikuwa imekaa kichwani mwake, asili yake akaisahau. Jaji hakumwona mwongo, na bado alimkuta na hatia ya kunakili. Kichwa cha binadamu hutunza sentensi nzuri muda mrefu kuliko kinavyotunza jina la aliyeisema. Yale maandishi madogo ya "sikusudii kuvunja hakimiliki ya mtu" wanayoyaweka watu chini ya video hayana kazi yoyote, isipokuwa kuthibitisha kwamba ulijua kazi si yako.

Turudi sasa pale ulipoanzia, maana kosa lako halikutokea wakati wa kuandika. Umeeleza mwenyewe: unafungua makala nne, unatafsiri sehemu nzuri, unabadilisha maneno. Hapo mambo yalishaharibika kabla hujaandika sentensi yako ya kwanza. Kwa wanaoanza niliohariri kazi zao, aliyekaa chini akapanga kuiba ni nadra. Wengi tatizo lao ni dondoo. Mtu ana faili moja. Ndani yake kuna sentensi alizokopi, sentensi alizozigeuza nusu, na mawazo yake mwenyewe, vyote vimelala pamoja bila alama. Siku mbili baadaye hajui kipi ni cha nani, na kwa kuwa vyote viko kwenye faili lake, anavichukulia vyote kuwa vyake.

Hata wakongwe huangukia hapo. Mwaka 2002 mwanahistoria wa Marekani Doris Kearns Goodwin, ambaye tayari alikuwa na tuzo ya Pulitzer, alilazimika kueleza ilikuwaje sentensi za mwandishi Lynne McTaggart zikaingia katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu familia ya Kennedy. Alisema aliandika dondoo kwa mkono, na aliporudi kuzitumia hakuweza kutofautisha maneno aliyoyanakili na muhtasari wake mwenyewe. Zingatia jambo moja: McTaggart alikuwa ametajwa kwenye tanbihi. Kilichokosekana ni alama za kunukuu. Kumbe unaweza kumtaja mtu na bado ukawa umebeba maneno yake kana kwamba ni yako, kwa sababu tanbihi humwambia msomaji "habari hii nimeipata kwa huyu", haimwambii "sentensi hii ni ya huyu".

Kwa hiyo anza kurekebisha dondoo. Kila mstari unaouandika wakati wa kusoma uwe na herufi mbele yake. N ni nukuu, maneno ya mtu kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu. F ni ufupisho, yaani hoja yake kwa maneno yako. M ni mimi: swali lako, pingamizi lako, jambo uliloliona au ulilolijaribu. Faili la ile makala yako ya betri lingeonekana hivi:

N: "(sentensi yake kama ilivyo)" – jina la mwandishi, kichwa cha makala, kiungo, tarehe niliyosoma.

F: anadai joto linaumiza betri kuliko wengi wanavyodhani – makala hiyohiyo, aya ya nne.

M: mbona simu yangu hupata joto zaidi nikiichaji huku ramani imewashwa? Kava inachangia? Nijaribu.

Ni kazi ya kuchosha kwa siku chache za mwanzo, baadaye mkono unazoea. Na kuna faida ambayo watu hawaitarajii. Ukimaliza kusoma, tazama M zako. Kama hakuna hata moja, bado huna makala. Una makala za watu wengine. Hapo hakuna ufundi wa kubadilisha maneno utakaokuokoa, kwa sababu huna unachokisema. Rudi ukasome zaidi, umuulize mtu anayejua, au ujaribu jambo hilo kwa mikono yako mpaka upate M mbili tatu za kusimamia. Anayeanza huona uhaba wa mawazo yake kama siri ya kufichwa kwa kuchanganya vyanzo vingi. Kuchukua kwa watano bila kuwataja hakupunguzi wizi. Kunaongeza tu idadi ya wanaodai.

Kurasa za mtandao hubadilishwa au kufutwa, kwa hiyo ukurasa muhimu uhifadhi kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Ni bure, na siku ukiulizwa ulisoma nini, utakuwa na nakala yenye tarehe.

Ukishakuwa na dondoo safi, funga vyanzo vyote. Namaanisha ufunge kweli, usivipunguze tu chini ya skrini. Mweleze rafiki yako jambo lile kwa mdomo, au jirekodi kwenye simu ukilieleza, halafu andika kutokana na ulivyoeleza. Fungua vyanzo tena mwishoni, kuhakiki tarakimu na majina. Anayeandika huku makala ya mtu imefunguliwa upande wa pili hujikuta anaifuata aya kwa aya, hata kama kila neno amelibadilisha. Tuseme chanzo kimeandika hivi (mfano huu nimeutunga):

"Betri ya simu huchakaa upesi inapokaa kwenye joto kali huku imejaa chaji. Kila inapochajiwa na kuisha, uwezo wake wa kutunza umeme hupungua kidogo, na baada ya mamia ya mizunguko mtumiaji huanza kuona tofauti."

Nawe ukaandika:

"Betri ya simu ya mkononi huharibika haraka ikiwekwa kwenye joto kubwa ikiwa na chaji kamili. Kila inapochajiwa na kumalizika, nguvu yake ya kuhifadhi umeme hushuka kiasi, na baada ya mamia ya mizunguko mtumiaji ataanza kugundua mabadiliko."

Umebadilisha karibu kila neno linalobadilika. Lakini sentensi ni mbili kama zake, kila moja imeanzia ilipoanzia yake, imepinda ilipopinda na kuishia ilipoishia. Huu ni wizi, na ndio unaowaponza wengi kwa sababu mwenye kuufanya huwa ametoka jasho kweli na anajiona amefanya kazi. Kamusi ya visawe haimgeuzi mtu kuwa mwandishi. Linganisha na hii:

"Joto na chaji iliyojaa ni maadui wawili wa betri, na hukutana pale unapoiacha simu ikichaji usiku kucha chini ya mto. Fulani, katika makala yake kuhusu uzee wa betri, anaeleza kwamba kila mzunguko wa kuchaji hupunguza uwezo wake kidogo. Mimi nilitaka kujua kama kuitoa simu kwenye kava kunasaidia, kwa hiyo nilizichaji simu mbili za aina moja, moja ikiwa na kava na nyingine bila."

Habari ya msingi ni ileile. Ila sasa mwenye hoja ametajwa palepale hoja yake ilipo, mpangilio ni wako, na kuna kitu ambacho yule mwandishi hana: jaribio lako. Msomaji anayeifahamu ile makala ya kwanza bado ana sababu ya kuisoma yako.

Hapa wengi huniuliza: je, kila kitu kitajiwe chanzo? Hapana, utamchosha msomaji. Mambo yajulikanayo na kila mtu, kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari au kwamba Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ni wa mwaka 1886, hayahitaji. Na sheria yenyewe haimpi mtu umiliki wa ukweli mtupu. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya kitabu cha namba za simu: kampuni iliyokikusanya ilishindwa, kwa sababu majina na namba zilizopangwa kwa alfabeti hazina ubunifu wa kulindwa. Ila usilichukue hilo kama ruhusa ya jumla. Ikiwa ukweli huo umepatikana kwa sababu mtu fulani alikaa miezi akichunguza, akapima, akahoji watu, mtaje. Kipimo changu ni chepesi: je, msomaji mwenye busara angeuliza "umejuaje?" Kama angeuliza, mjibu kabla hajauliza.

Sasa tafsiri, ambayo ndiyo kiini cha shauri lako. Kuna imani imeenea kati ya wanaoandika kwa Kiswahili kwamba ukiitoa makala kwenye Kiingereza umeitoa pia mikononi mwa mwenyewe. Imani hiyo haina msingi. Mkataba wa Berne, ambao zaidi ya nchi 180 zimejiunga nao, unasema wazi katika kifungu cha 8 kwamba haki ya kutafsiri, au kuruhusu kazi itafsiriwe, ni ya mtunzi. Mtunzi hahitaji kusajili popote. Ulinzi huanza kazi inapotungwa, na hudumu maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Kwa hiyo ukitafsiri makala ya mtu aliye hai na kuichapa bila idhini yake, hata ukimtaja, kuna tatizo la hakimiliki. Usipomtaja, kuna matatizo mawili.

Unachoruhusiwa ni kunukuu. Kifungu cha 10 cha mkataba huohuo kinakubali nukuu kutoka kazi iliyokwisha kutolewa kihalali, kwa kiasi kinachohitajika na kwa kutaja chanzo na jina la mtunzi. Maana yake unaweza kutafsiri sentensi mbili zenye uzito, ukaziweka ndani ya alama za kunukuu, ukasema "tafsiri ni yangu", kisha ukazijadili. Hilo la "tafsiri ni yangu" watu hulidharau, nalo lina kazi: linamlinda mwandishi asilaumiwe kwa neno ulilolitafsiri vibaya. Kipande kikubwa zaidi ya hapo, omba. Barua pepe ya mistari mitano inatosha, na waandishi wengi wadogo hufurahi kusikia kazi yao inatakiwa kwa lugha nyingine. Wengine watakataa, au hawatajibu. Kutojibu si ruhusa.

Zipo pia kazi ambazo wenyewe wametanguliza ruhusa. Leseni za Creative Commons zimekuwepo tangu mwaka 2002 na ni rahisi kuzisoma ukijua herufi zake. BY ni lazima umtaje mtunzi. NC usiitumie kibiashara. SA ukiibadilisha, utakachotoa nacho kiwe chini ya leseni hiyohiyo. ND usitoe toleo lililobadilishwa, na tafsiri inahesabiwa kuwa badiliko, kwa hiyo ukiona ND achana na wazo la kutafsiri mpaka uombe. Wikipedia iko chini ya BY-SA. Maana yake unaruhusiwa kutafsiri ukurasa wake mzima, lakini useme umetoka wapi, uweke kiungo, uonyeshe kwamba umebadilisha, na tafsiri yako iwe huru kwa wengine kwa masharti yaleyale. Wengi wanaona neno "huru" wakadhani halina mwenyewe.

Kwenye video, kutaja chanzo kuna shida yake. Desemba 2023 mtengeneza video wa Uingereza Harry Brewis, ajulikanaye kama hbomberguy, alitoa video ya karibu saa nne akionyesha, sentensi kando ya sentensi, jinsi watengeneza video wenzake walivyosoma maandishi ya watu kwa sauti zao kana kwamba wao ndio waliyaandika. Kuna wa aina hiyo ambao huwa wametaja vyanzo mahali fulani: kwenye maelezo chini ya video, ambako hakuna anayefungua, au jina linapita sekunde moja kwenye skrini. Mtazamaji anasikiliza, hasomi. Kwa hiyo mtaje mwenye hoja kwa sauti, wakati unaitoa hoja yake: "Fulani aliyelichunguza hili anasema…" Kiungo kiweke kwenye maelezo kama nyongeza. Na ukisoma maneno yake yenyewe, yaonyeshe kwenye skrini ndani ya alama za kunukuu ili jicho lione mpaka kati yako na yeye.

Picha nitapita haraka. Google si chanzo cha picha, kama vile kioo cha dirisha si mwenye mandhari unayoyaona. Picha ina mpigaji, na haki ni yake. Itafute asili yake kwa Google Lens au TinEye, usome leseni, umtaje aliyeipiga kwa jina. Ukishindwa kumpata mwenyewe, tafuta picha nyingine au piga yako. Simu uliyonayo inatosha kwa makala ya betri. Kipande cha video au muziki ni vilevile, ila huko mashine huwahi kukukamata kabla ya binadamu. YouTube ina mfumo wa Content ID unaolinganisha kila kinachopakiwa na hazina ya wenye haki. Maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli. Na jambo wasilolijua wengi: huko huko kuna kanuni ya maudhui yaliyotumika tena, ambayo yaweza kukunyima mapato ya matangazo hata kama wenye kazi walikuruhusu, ikiwa wewe hukuongeza chochote cha maana.

Umeuliza kuhusu akili mnemba. Ukiipa makala ya mtu ikuandikie upya, kilichobadilika ni mkono unaozungusha maneno. Hoja ni zake, mpangilio ni wake, uchunguzi ni wake, na sasa hata lile jasho la visawe si lako. Ubaya mwingine ni kwamba mashine hubuni. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha mahakamani hoja yenye kesi ambazo hazikuwahi kutokea; ChatGPT ndiyo iliyozitunga, nao hawakuhakiki. Itumie kukuuliza maswali juu ya rasimu yako, kukuonyesha pasipoeleweka, kurekebisha tahajia. Ikikutajia ukweli fulani, utafute ukweli huo kwenye chanzo chenye jina, ukisome mwenyewe, ndipo ukitaje hicho. Na kama imeandika sehemu ya kazi yako, sema.

Programu za kupima ufanano, za aina ya Turnitin au Copyscape, zitumie kwa akili. Zinalinganisha mfuatano wa maneno, hazihukumu. Makala iliyojaa nukuu halali zenye majina inaweza kupata asilimia kubwa, na tafsiri ya wizi mtupu ikapita bila hata alama moja. Ile makala yako ya betri huenda ingepita. Mwenyewe ndiye aliyeitambua, kwa sababu mtu huufahamu mpangilio wa mawazo yake hata ukivishwa lugha nyingine.

Sasa la kufanya wiki hii. Usiifute makala kimyakimya ukajifanya hukuona ujumbe. Ana picha ya skrini, niamini. Iweke makala yake na yako kando kwa kando, uwe mkali kwa nafsi yako. Ukikuta aya zako zinafuata zake, iondoe leo, kisha mwandikie kwa lugha yake, bila maelezo marefu kuhusu ugeni wako kwenye kazi hii. Kitu kama hiki: "Nimelinganisha makala zetu na una haki. Nilitafsiri na kupanga upya kazi yako bila ruhusa na bila kukutaja. Nimeiondoa. Ukipenda, nitaweka mahali pake maelezo yanayosema hivyo pamoja na kiungo cha makala yako." Usimwombe asikusemee kwa watu, huo ni uamuzi wake. Usibishane naye hadharani, na usiwatume wafuasi wako wakutetee.

Baada ya hapo pitia makala zako nyingine ukianzia zinazosomwa sana. Zile ambazo unakumbuka vyanzo vyake na zina mawazo yako ya kutosha, zirekebishe: weka majina, viungo na alama za kunukuu, na mstari mmoja juu unaosema zimesahihishwa lini na kwa nini. Ambazo ni tafsiri tupu, ondoa au omba ruhusa. Ambazo huwezi tena kujua zilitoka wapi, ondoa, hutaweza kuzitetea. Huenda ukabaki na chache, na wafuasi wachache wakauliza zimekwenda wapi. Waambie.

Na ikiwa yule mwandishi atakujibu kwamba anaridhia tafsiri ibaki mradi jina lake liwepo, mwombe ataje kwa maandishi ni makala ipi, itumike wapi, na kama anakubali iwe kwenye ukurasa unaoingiza pesa. Uhifadhi ujumbe huo mahali ambapo hautapotea na simu.